Maji, Uzito na Moto: Historia ya Kunyoosha Kitambaa cha Kudarizi

Katika kazi ya kudarizi kwa kuhesabu nyuzi, ambamo mshonaji huifunika kila njia panda ya mtande na mshindio kwa mishono miwili midogo inayokatana kama herufi X, kitambaa chenyewe ni nusu ya ramani. Asiyeziona nyuzi zake zikiwa zimenyooka na kulingana hawezi kuhesabu, na asiyeweza kuhesabu hawezi kuweka ua, ndege wala herufi mahali pake. Ndiyo maana mkunjo, ambao katika shuka la kitanda huudhi macho tu, katika mshono wa msalaba ni kosa la ufundi: huvuta nyuzi upande, huziba vitundu vya kupitishia sindano, na kazi ikishakwisha huikata picha kwa mstari wa kivuli usiofichika hata nyuma ya kioo cha fremu. Historia ya namna watu walivyopambana na mkunjo huo, ikifuatwa kwa makini, inaonyesha jambo ambalo maneno ya kawaida ya “kupiga pasi” hulificha. Kazi kubwa ya kunyoosha hufanywa na maji, uzito huyasaidia, na moto, ambao leo hudhaniwa kuwa ndiyo kazi yenyewe, katika sehemu kubwa ya historia hiyo ulikuwa msaidizi, tena msaidizi wa kuchungwa.

Sababu imo ndani ya unyuzi. Kitani na pamba, ambavyo ndivyo vitambaa vya asili vya mshono huu, vimejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyolala bega kwa bega na kushikamana kwa viungo vya hidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini kwa wingi wao ndivyo vinavyoipa nguo umbo lake. Kitambaa kinapokunjwa na kulaliwa, hasa kikiwa na unyevu kidogo au joto la mwili, minyororo husogea, viungo vya awali huachana, vipya hufungika katika hali ya kupinda, na mkunjo huwa umeingia katika maumbile ya unyuzi wenyewe. Maji hujipenyeza katika sehemu za selulosi ambazo hazikupangika kwa kubana na kuvilegeza viungo hivyo. Kisha yanapoondoka, viungo hufungika upya katika umbo lolote ambalo kitambaa kimeshikiliwa wakati huo. Joto huipa minyororo wepesi wa kusogea na kuyafukuza maji upesi. Hii ndiyo sababu pasi ya moto juu ya kitani kikavu kabisa husukuma mkunjo huku na huku bila kuufuta, ilhali kitani kilicholowa, kikitandazwa juu ya ubao na kuachwa kikauke chini ya kitu kizito, hutoka laini pasipo moto wowote. Kitani nacho hukunjamana kuliko pamba kwa kuwa nyuzi zake ni ngumu na minyororo yake imenyooka zaidi, hivyo haina wepesi wa kurudi ilikotoka. Sufu, ambayo asili yake ni protini, mara nyingi hujinyoosha yenyewe ikitundikwa penye mvuke.

Kwa kitambaa kitupu maelezo haya yangetosha, lakini kitambaa kilichodariziwa kina jambo la ziada. Mshono wa msalaba umekaa juu ya kitambaa kama matuta yalivyo juu ya shamba, na uzuri wake umo katika mwinuko huo: mwanga huangukia mgongo wa uzi, kivuli hukaa ubavuni, na rangi moja huonekana kama rangi mbili. Anayekandamiza kitambaa kutoka juu ili kuondoa mkunjo huyalaza na matuta pia. Kila chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kunyoosha kililazimika kujibu swali hili moja, nalo ni jinsi ya kuilainisha ardhi bila kuyabomoa matuta, na jibu lililoenea kuliko yote halihitaji chombo chochote kipya: kitambaa hulazwa kifudifudi juu ya taulo nene au blanketi, mishono ikazama katika ulaini wa chini yake, na mkandamizo ukaja kutoka upande wa nyuma.

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako kitani kililimwa, kusokotwa na kufumwa nyumbani kwa karne nyingi, vifaa vya kale zaidi vya kunyooshea vilivyohifadhiwa ni vya baridi kabisa. Makaburi ya wanawake wa enzi ya Waviking, kama yale ya Birka nchini Sweden, yametoa vipande vizito vya kioo cheusi au cha kijani kibichi, vya duara, vyenye mgongo wa mviringo na vinavyoenea katika kiganja cha mkono, ambavyo vilisuguliwa juu ya kitani chenye unyevu mpaka kikalainika na kung’aa. Kioo kilifaa kwa sababu hakinywi maji, hakina kutu ya kuchafua kitani cheupe, na kinaposuguliwa huzidi kuwa laini, tofauti na jiwe la kawaida ambalo hukwaruza nyuzi. Ubao wa kuwekea kitambaa nao haukukosa heshima yake. Mwaka 1991, katika kisiwa cha Sanday kilichoko Orkney, kaskazini mwa Scotland, wanaakiolojia walifukua kaburi la mashua mahali paitwapo Scar, na pamoja na mabaki ya mwanamke mzee walikuta bamba la mfupa wa nyangumi lililochongwa vichwa viwili vya dragoni vinavyotazamana, bamba ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa ubao wa kunyooshea kitani. Mtu haziki pamoja na mpendwa wake kitu anachokidharau, na bamba hilo latosha kuonyesha kwamba kunyoosha nguo hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mwishoni mwa orodha. Vioo vya aina hiyo viliendelea kutengenezwa na kutumika katika baadhi ya nyumba za Ulaya hadi karne ya 19, muda mrefu baada ya pasi za chuma kuwa jambo la kawaida.

Hatua iliyofuata kioo haikuleta moto bado. Ilileta nguvu ya kubingirisha. Katika nchi za Skandinavia na Ujerumani kitani chenye unyevu kilizungushwa juu ya mche wa mbao wa mviringo, unaofanana na mti wa kusukumia chapati, kisha ubao mrefu wenye mpini ukawekwa juu yake na kusukumwa mbele na nyuma kwa uzito wa mwili, mpaka mikunjo ikaisha. Mbao hizo zilichongwa maua, tarehe na majina, mara nyingi mpini ukiwa na umbo la farasi, kwa kuwa kijana aliyekwenda kuposa alimpelekea mchumba wake ubao kama huo, na ulipopokelewa ulitundikwa ukutani mahali pa kuonekana. Waukraine walikuwa na chombo cha ukoo mmoja na huo, kiitwacho rubel, ambao ni ubao mrefu wenye matuta yaliyochongwa kwa kukingama upande wa chini, unaotumika pamoja na mche uitwao kachalka. Matuta hayo hayakuwa pambo, kwani kila tuta lililopita juu ya kitani liliyavunjavunja maungio magumu ya nyuzi na kuzilainisha, na kwa vile kitambaa kilikuwa kimejiviringisha tabaka juu ya tabaka kuzunguka mche, mkandamizo uliifikia mishono ukiwa umepozwa na tabaka za kitani kilichoizunguka.

Inafaa kusimama kidogo kwa Waukraine, kwa sababu kwao kitani, mshono na ubao vilikutana katika kitu kimoja, nacho ni rushnyk, yaani kitambaa kirefu chembamba kilichodariziwa ncha zote mbili, ambacho hutandikwa juu ya picha takatifu nyumbani, hufungiwa mikono ya bwana na bibi harusi, na hutumika kumpokea mgeni kwa mkate na chumvi. Kitambaa cha kazi kama hizo hukunjwa na kuwekwa sandukuni kwa miezi mingi, kisha hutolewa mbele za watu, na mkunjo wa sandukuni ukiachwa humsema mwenye nyumba kabla hajafungua kinywa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mshono wa msalaba wa uzi mwekundu na mweusi ulienea huko kwa kasi na kuisukuma kando mishono mingi ya zamani, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kampuni ya sabuni ya Brocard ya Moscow, iliyoanzishwa mwaka 1864, ambayo ilichapisha vielelezo vya maua ya kudarizi na kuvisambaza pamoja na sabuni yake ya bei nafuu. Sabuni na ua la kudarizi vikaingia nyumba moja kwa mkono mmoja.

Uhusiano huo wa ufuaji na mshono wa msalaba ulikuwa wa zamani zaidi katika Ulaya ya magharibi, na ndio unaoeleza kwa nini mshono huu ulifundishwa kwa wasichana wengi kiasi kile. Nyumba zilizojiweza zilifua nguo zao nyeupe kwa wingi, mara chache kwa mwaka, na mashuka, taulo na vitambaa vya meza vilihesabiwa kwa dazeni. Ili vitu hivyo visipotee kwa mfuaji, na ili vitumike kwa zamu na kuchakaa sawasawa, kila kimoja kilitiwa pembeni herufi za mwenyewe na namba yake kwa mshono wa msalaba, ambao kwa Kiingereza ulipata hata jina la mshono wa alama. Msichana alijifunza alfabeti yake kwenye kitambaa cha mazoezi, na kitambaa cha mazoezi cha Kiingereza chenye tarehe ambacho ni cha kale kuliko vyote vinavyojulikana, kilichoshonwa na Jane Bostocke mwaka 1598 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kina herufi pamoja na wanyama na maua. Alama hiyo ya pembeni ilipaswa kustahimili maji ya majivu, yaani magadi makali yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya kuni, kisha jua, kisha mkandamizo. Rangi isiyo imara ingevuja na kuacha doa jekundu juu ya kitani cheupe wakati kinaponyooshwa kikiwa bado na unyevu. Kwa sababu hiyo rangi nyekundu ya Kituruki, iliyopatikana kwa kupika uzi pamoja na mizizi ya mmea wa mada, mafuta na shabu kwa hatua nyingi, ilithaminiwa mno tangu mafundi wa Ulaya walipojifunza siri yake katika karne ya 18. Mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani Carl Graebe na Carl Liebermann waliweza kuitengeneza alizarini, ambayo ndiyo kiini cha rangi hiyo, bila kutumia mmea, na wekundu ulioaminika ukawa wa bei rahisi. Mdarizi wa leo anayebonyeza pamba iliyolowa juu ya uzi mwekundu ili kuona kama unaacha rangi kabla ya kukilowesha kitambaa kizima anaishi na hofu ileile.

Moto ulikuwa umekwisha kuingia katika kazi hii mbali na Ulaya. Katika China, ambako nguo iliyonyooshwa ilikuwa hariri, kulikuwa na pasi yenye umbo la kikaango kidogo chenye mpini mrefu, kilichojazwa makaa na kupitishwa juu ya kitambaa kilichovutwa na watu wawili kikaning’inia hewani. Mchoro mmoja wa kukunjua, uliomo katika jumba la makumbusho la sanaa la Boston na unaohusishwa na mfalme Huizong aliyetawala tangu mwaka 1100, ambao ni nakala ya kazi ya Zhang Xuan wa karne ya 8, unawaonyesha wanawake wa ikulu wakitwanga hariri kwa michi mirefu, wakishona, na mwishowe wakiinyoosha kwa kikaango cha makaa, huku mmoja akilipepea jiko na binti mdogo akijiinamia chini ya hariri iliyotandazwa. Ufundi huo ulikuwa na hekima ya pekee, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimevutwa na hakikulazwa juu ya kitu kigumu, hivyo sehemu kubwa ya kunyoosha ilifanywa na mvuto wa mikono ya wawili wale na uzito wa kikaango haukuwa na cha kukikandamiza dhidi yake.

Wazungu walifuata njia nyingine, ya chuma kizito juu ya meza. Palikuwa na pasi za tumbo wazi zilizotiwa makaa au kipande cha chuma kilichopashwa moto, na palikuwa na pasi za chuma kitupu zilizowekwa juu ya jiko, ambazo mpigaji alizitumia mbili au tatu kwa zamu, moja ikipoa mkononi mwake nyingine ikipata moto. Hazikuwa na kipimo chochote cha joto isipokuwa uzoefu, na mpigaji alidondoshea tone la maji au mate, akasikiliza linavyochachatika, kisha akaamua. Mary Florence Potts wa Ottumwa, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, alipewa hataza mwaka 1871 kwa pasi yenye mpini wa mbao unaochomoka, ambao mtu aliweza kuuhamisha kutoka pasi iliyopoa hadi iliyo moto pasipo kuungua kiganja, na pasi yake ilikuwa na ncha pande zote mbili, jambo lililomfaa sana aliyehitaji kuzunguka ukingo wa ua lililodariziwa bila kulipanda. Henry Seeley wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme tarehe 6 Juni 1882, takriban miezi mitatu kabla ya kituo cha Edison cha mtaa wa Pearl kuanza kuuza umeme katika mji huohuo, na ilichukua miongo kadhaa kabla nyumba za kawaida hazijapata waya wa kuichomeka pasi ya namna hiyo.

Kadiri moto ulivyozidi kupatikana kwa urahisi, ndivyo uzi wa kudarizia ulivyobadilika kuwa kitu kinachoumizwa na moto huo. Mwingereza John Mercer alipata mwaka 1850 hataza ya kuitia pamba katika magadi makali ya kiwandani, dawa iliyozifanya nyuzi zivimbe, ziwe za mviringo na zipokee rangi vizuri, na baadaye mafundi wakagundua kwamba pamba ikivutwa wakati wa dawa hiyo hupata mng’ao unaokaribia wa hariri. Kampuni ya DMC ya Mulhouse, iliyoanzishwa mwaka 1746 kwa ajili ya kuchapa vitambaa, ilijenga jina lake jipya juu ya uzi kama huo, na Thérèse de Dillmont aliyefanya kazi nayo akachapisha mwaka 1886 ensaiklopidia ya kazi za mikono iliyofasiriwa katika lugha nyingi. Mng’ao wa uzi huo hutokana na umviringo wake. Ukilazwa na chuma cha moto hugeuka utepe bapa, na mwanga ulioteleza juu yake hutawanyika. Kupiga pasi usoni mwa mshono, ambako kwa uzi wa zamani usio na mng’ao kungeleta hasara ndogo, kukawa njia ya kuua kile kilichonunuliwa.

Kitambaa chenyewe pia kilibadilika. Mwishoni mwa karne ya 19 kiwanda cha Zweigart cha Ujerumani kilianza kufuma kitambaa kilichoitwa Aida, ambacho nyuzi zake hufumwa kwa mafungu na kuacha vitundu dhahiri kwenye pembe za kila mraba, hivyo kuhesabu kukawa rahisi hata kwa mtoto. Kinachotumika sana leo kina miraba 14 katika kila inchi moja. Ili vitundu visiyumbe, kiwanda hukitia Aida wanga au gundi nyepesi, kikakakamaa karibu kama karatasi, kisha kikakunjwa na kufungwa katika pakiti. Wanga uleule unaosaidia kuhesabu huushika mkunjo wa pakiti kwa ugumu ambao kitani laini hakiujui, na hilo ndilo chimbuko la malalamiko mengi ya wadarizi wa siku hizi, ambao hupitisha pasi mara kumi na mkunjo ukabaki. Dawa yake ni kuuyeyusha wanga wenyewe kwa kukilowesha kitambaa katika maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kukisuuza, kukiviringisha ndani ya taulo bila kukikamua, na kukitandaza kingali na unyevu. Alama ya duara inayoachwa na fremu ya mkono nayo ni ya jamii hiyo, ila ina kitu kibaya zaidi ndani yake, kwa kuwa mafuta ya vidole hujikusanya ukingoni mwa fremu na vumbi hunata humo, na pasi ya moto ikipita juu yake kabla ya kufua huyapika mafuta hayo hata yakawa doa la kudumu. Fundi mzuri huiondoa fremu kila anapoweka sindano chini, ijapokuwa kesho yake itambidi aifunge upya.

Katika pwani ya Afrika Mashariki maarifa haya yalifika kwa njia zaidi ya moja. Neno dobi, lililotoka katika Kihindi, limehifadhi kumbukumbu ya Wahindi waliofanya kufua na kunyoosha nguo kuwa kazi ya kujipatia riziki, na kule kwao alama ya nguo haikushonwa kwa sindano bali ilitiwa kwa utomvu mweusi wa tunda la mti wa bhilawa, ambao haufutiki kwa maji wala sabuni. Pasi iliyoenea nayo ni pasi ya mkaa, sanduku la chuma lenye kifuniko, matundu ya hewa ubavuni na, katika matoleo mengi, kifungio chenye umbo la jogoo. Kwa kanzu nyeupe au kitambaa kilichodariziwa ni chombo cha kuogopwa, maana cheche moja ikiruka kutoka kwenye matundu hutoboa pamba, na jivu likidondoka juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji hugeuka tope la kijivu. Mpigaji makini hutoka nayo nje kuipepea, hupangusa tumbo lake kwa kitambaa kilicholowa, kisha huijaribu kwenye kipande kisicho na thamani. Moto wake hata hivyo una faida ambayo Ulaya haikuihitaji. Yule nzi ambaye watu wengi humwita nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa vivulini au kutandazwa chini, funza wake wakaingia katika ngozi ya mvaaji, na pasi ya moto iliyopitishwa pande zote huwaua kabla. Mama anayekataa kuvaa nguo isiyopigwa pasi ana hoja kubwa kuliko unadhifu.

Mafunzo rasmi ya kushona na kunyoosha yaliletwa kwanza na misheni. Huko Mbweni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, shule ya wasichana ya misheni ya Kianglikana iliyojengwa katika miaka ya 1870 iliwapokea wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na chini ya Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, kazi za sindano na za ufuaji zilikuwa miongoni mwa walivyofundishwa. Ubelgiji ilifanya vivyo hivyo kwa wanawake wa mijini katika nchi ilizozitawala: kituo cha jamii cha Usumbura, mji wa Waswahili wengi ambao leo ni Bujumbura, kiliwafundisha kati ya 1946 na 1960 kushona, kutia viraka, kufua na kupiga pasi. Nchini Kenya vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilikuwa na masomo ya ushonaji pia. Nia ya watawala katika mafunzo hayo ilikuwa kumfanya mwanamke Mwafrika awe mama wa nyumba wa sura waliyoitaka wao, na hilo halipaswi kufichwa. Wanawake wenyewe, hata hivyo, walichukua sindano wakaiacha nia, na vitambaa vya kudarizi na kufuma vinavyofunika migongo ya makochi, meza na redio katika sebule za Kenya na Tanzania, vikiwa na maua, tausi na maneno ya kumkaribisha mgeni, ni sanaa yao wala si ya mwalimu aliyewafundisha.

Pwani ilikuwa tayari na darasa lake katika jambo hili, nalo ni kofia. Kofia ya viua, ambayo kipande chake cha juu na ukingo wake hutobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kikazungushiwa uzi, ni kitu kisichowezekana kupigwa pasi bila kuharibiwa, kwa kuwa viua vikilazwa huziba na nakshi hupotea. Kwa hiyo kofia hufuliwa, huchovywa katika kanji, yaani wanga uliopikwa kwa maji ukawa uji mwepesi, kisha huvishwa juu ya kalibu ya mbao au chombo chochote cha mviringo kinacholingana na kichwa, ikapapaswa kwa vidole hata kila mkunjo ukaisha, na kuachwa ikauke hapo. Kofia iitwayo kumma, ambayo wanaume wa Oman huivaa na ambayo nasaba yake na ya kofia ya Zanzibar ni moja, hutunzwa kwa njia hiyohiyo. Ufundi huu haustahili kuhesabiwa kuwa njia ya maskini wasio na pasi, kwa maana ndio ulio karibu zaidi na ukweli wa selulosi ulioelezwa hapo juu: unyevu umelegeza, umbo limeshikilia, na kukauka kumefunga.

Pasi yenye kirekebishi cha joto na pasi ya mvuke, ambazo zilienea katika karne ya 20, ziliupunguza ubashiri wa mate na tone la maji, na tangu miaka ya 1960 alama za kimataifa za utunzaji wa nguo zikawekwa katika lebo, pasi yenye nukta moja ikimaanisha joto lisilozidi digrii 110 za Selsiasi, nukta mbili 150, na nukta tatu 200. Kitani na pamba hustahimili nukta tatu. Nyuzi za poliesta na zile za rangi ya dhahabu, ambazo siku hizi huchanganywa na pamba katika kudarizi, hazistahimili, maana plastiki hulainika kwa joto kabla pamba haijaanza hata kupata rangi ya kuungua, na kitambaa chenye mchanganyiko hupaswa kufuata uvumilivu wa uzi ulio dhaifu kuliko wote.

Kwa kitambaa kilichozeeka hata nukta moja ni nyingi. Selulosi ya kitani cha miaka mia mbili imekatikakatika, na katika mstari wa mkunjo wa zamani nyuzi nyingi huwa zimekwisha kuvunjika, hivyo joto la ghafla na uzito wa chuma huweza kuligeuza kunjo kuwa mpasuko. Wahifadhi wa majumba ya makumbusho hukiviringisha kitambaa cha namna hiyo juu ya bomba pana badala ya kukikunja, na wanapolazimika kukinyoosha huacha pasi kabatini. Hukipa unyevu wa maji safi yasiyo na madini, polepole, mara nyingi kama mvuke baridi unaopita katika utando usioruhusu tone. Huzipanga nyuzi kwa ncha za vidole, mtande mahali pa mtande na mshindio mahali pa mshindio. Kisha, juu ya kila sehemu iliyokaa sawa, huweka vipande vidogo vizito vya kioo na kusubiri kitani kikauke.